Tiketi ya Kurudi

Ijumaa moja ya Machi, jioni, bandari ya Tallinn ilikuwa imefurika Wafini kama siafu. Kila mmoja na kigari chake cha makreti ya bia, wote mbio kuiwahi meli ya kurudi kwao Helsinki, utadhani Helsinki inahamishwa usiku huo. Katikati ya vurugu hiyo alikuwemo Sohvi, koti la njano kama kiini cha yai, tiketi menoni, faili kwapani, sanduku linamfuata nyuma likiyumba. Akatazama saa, akakata kona, akaingiza kichwa kizima ndani ya dirisha.

Dirisha lenyewe halikuwa na ukuta. Lilikuwa begani kwa mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu na suruali iliyochakazwa na rangi. Fremu kuukuu ya mbao, kioo hakuna.

"Karibu ndani," mwanamume akasema kwa Kifini chenye lafudhi ya watu wa Tallinn. "Viatu vua mlangoni."

Sohvi akaitoa tiketi mdomoni. "Nani anatembea na dirisha bandarini?"

"Nani anatembea bila macho?"

Faili lilikuwa limeshamwagika. Wakainama wote wawili, na yule bwana, badala ya kuokota, akaanza kusoma. "Siku mbili Helsinki, siku mbili Tallinn, siku moja Haapsalu, mji mtulivu ambako saa zimesahau kutembea." Akacheka mpaka dirisha likatikisika. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu, napanga safari za watu."

"Umewahi kufika Haapsalu?"

"Nimeona picha."

"Mimi nimezaliwa huko. Saa zinatembea, dada. Likuache basi la asubuhi ndiyo utajua." Akaigeuza karatasi. "Halafu mbona mpango wako unaanza na safu ya kurudi?"

"Mtu akijua anarudi lini, anaondoka na amani."

"Au anaondoka kabla hajafika."

Sohvi akamnyang'anya karatasi. Meli ikapiga honi, ikaondoka bila yeye. Kwa mtu ambaye hajawahi kukosa chombo tangu azaliwe, lilikuwa jambo la ajabu. La ajabu zaidi ni kwamba hakukasirika.

Jamaa aliitwa Tarmo, fundi wa kufufua madirisha ya zamani. Lile la begani lilikuwa la nyumba ya bibi yake, Bibi Leida, huko Haapsalu. Wakanywa kahawa wakisubiri meli inayofuata, na tangu siku hiyo simu hazikukatika, Tarmo akimwita Bi Ratiba.

"Bi Ratiba, umelala?"

"Napanga."

"Unapanga nini?"

"Jinsi ya kukukatia simu bila kukuumiza."

"Iweke safu ya kurudi, basi. Unikatie, halafu unipigie."

Aprili nzima Sohvi alivuka bahari kila mwisho wa juma, na kila mara tiketi ya kurudi aliikata kwanza. Walikuwa wakikaa roshanini kwa Tarmo, hapo Tallinn, wanakula mkate mweusi na samaki wa moshi, mguu wa Sohvi unacheza chini ya meza, jicho kwenye saa. Hakuwa na mahali pa kuwahi. Miguu yake tu ndiyo ilikuwa hivyo, haikujua kutulia. Helsinki alikuwa ameshahama nyumba tano kwa miaka sita, na maboksi ya kuhamia hakuyatupa.

Mwishoni mwa Mei Tarmo akaweka uma chini.

"Wanorwe wamenipa mkataba. Miaka miwili, madirisha ya makanisa ya mbao."

Mguu wa Sohvi ukasimama. "Utaenda?"

"Nimewaambia nitawajibu baada ya sikukuu ya Yohana, mwishoni mwa Juni. Bibi Leida ananiachia ile nyumba, Sohvi. Sitaki kukaa mle peke yangu na madirisha. Njoo Haapsalu mkesha wa Yohana, tuwashe moto pamoja. Njoo bila tiketi ya kurudi. Ukija hivyo, nitajua unataka tuishi. Usipokuja, nasaini."

"Unanitega."

"Nakuomba, mpenzi. Ingekuwa mtego ningeupaka rangi."

Sasa, Mfini kuiacha nyumba ya familia ya ziwani siku ya Yohana ni sawa na kususa harusi ya ndugu yake. Mama yake Sohvi aliposikia, simu ikawaka.

"Huji? Na soseji nani ataziangalia motoni?"

"Baba, mama."

"Baba yako mwaka juzi aliunguza boti."

"Mama, kuna mtu."

"Ana nyumba?"

"Ana madirisha."

"Mwanzo si mbaya," mama akasema, akakata simu.

Basi Ijumaa ya mkesha Sohvi akavaa gauni la kitani jeupe lenye mkanda mwekundu, akasuka nywele, akavuka. Mfukoni alikuwa na tiketi ya kurudi. Alijiambia ni tahadhari tu, kama mwavuli.

Haapsalu aliikuta tulivu kupita karatasi zake zote. Duka la samaki liko wazi. Mzee mmoja anakata nyasi. Watoto wanatoka baharini na taulo shingoni. Moto hakuna, hata dalili ya kuni. Sohvi akawaza, kumbe utulivu wenyewe ndio huu, hata mkesha wa Yohana wanakata nyasi. Akaifikia nyumba ya mbao ya bluu mwisho wa barabara, akagonga. Kimya. Akagonga tena. Mapazia yamefungwa, kufuli mlangoni.

Alikaa kwenye ngazi saa mbili nzima. Akapiga simu mara moja. Mara moja tu, maana kwao kubembeleza hakufundishwi. Simu ikaita, ikaita, ikachoka.

Akaiona picha nzima kichwani: Tarmo amekwishasaini, yuko njiani Norwe, anamcheka Bi Ratiba aliyesusa soseji za mama yake. Mkono ukaingia mfukoni, ukaikuta ile tiketi. Akaandika, "Tuishie hapa. Usinitafute." Akatuma, akaizuia namba ya Tarmo, akaliwahi basi.

Jumamosi na Jumapili alipanga maboksi.

Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwake Hakaniemi, Helsinki, macho mekundu, kahawa ya tatu. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Bi Kaarina wa Tampere, mteja aliyekwenda Tallinn na mumewe Reijo kwa mpango wa Sohvi mwenyewe.

"Binti, hii Tallinn uliyotuuzia ina watu?"

"Vipi tena, mama?"

"Makumbusho yamefungwa. Fundi viatu kafunga. Reijo alitaka kunyolewa, kinyozi kabandika karatasi mlangoni. Mhudumu wa hoteli anasema wote wanahama leo, wanakwenda kuwasha moto. Ati leo ni mkesha wa Yohana. Nikamwambia, mwanangu, Yohana ilikwisha Jumamosi, nilikula mpaka nikaumwa. Akanicheka. Anasema nyinyi Wafini mnaisogeza iangukie wikendi, sisi kwetu mkesha ni tarehe ishirini na tatu, iwe mvua iwe jua."

Kikombe kikabaki hewani. Miaka saba Sohvi alikuwa anawapangia watu safari za nchi mbili, na kalenda aliyoiangalia ilikuwa ya kwao tu.

"Binti, upo?"

"Mama Kaarina, mna gari?"

"Tunalo. Kwani?"

"Nisubirini bandarini saa tisa. Haapsalu yenu ilikuwa kesho, tunaisogeza iwe leo. Nawapeleka mwenyewe."

Aliondoka kama alivyo, sweta la ofisini lenye doa la kahawa na viatu vya kazi. Mashine ya tiketi ikamuuliza: kwenda tu, au kwenda na kurudi? Akabonyeza kwenda tu. Melini hakukaa kitini. Alitembea kutoka mbele hadi nyuma saa mbili zote, mpaka mhudumu akamuuliza kama amepoteza mtoto.

Ndani ya gari akawasimulia yote. Reijo, ambaye hakuwa ametamka neno tangu Tampere, akasema, "Ina maana ulimwacha mtu kwa kosa la kalenda."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi huyu mke wangu aliwahi kuniacha kwa kosa la viazi," akasema, akakanyaga mafuta.

Walifika saa kumi na moja, jua bado liko juu. Mji uleule, lakini sasa kila ua lina rundo la kuni, magari yamebanana, mbwa wamevishwa mashada ya majani. Mlango wa nyumba ya bluu ulikuwa wazi. Bibi Leida alikuwa uani anakata matango. Akamtazama Sohvi, akalitazama doa la kahawa, akanyoosha kisu kuelekea ukuta wa pembeni.

Dirisha lile la bandarini lilikuwa limeshapata ukuta wake. Rangi nyeupe mbichi, kioo kinang'aa. Nyuma ya kioo alikuwepo Tarmo, ameinamia meza, mbele yake karatasi zenye nembo ya Kinorwe, kalamu mkononi.

Sohvi akagonga kioo.

Tarmo hakusimama. Akanyoosha mkono, akafungua dirisha pande zote mbili.

"Uliandika tuishie hapa. Niko kazini juu ya ngazi, nashuka, nakuta hilo. Nilipiga mara kumi na nne."

"Nilikuja Ijumaa."

"Ijumaa kulikuwa na nini?"

"Mkesha wa Yohana. Wa kwetu. Nilikaa kwenye ngazi hizi saa mbili, Tarmo. Mlango una kufuli, bibi hayupo."

"Bibi alikuwa kwa dada yake. Mimi nilikuwa kazini Tallinn kama watu wote." Akaanza kuelewa, ndevu zikatetemeka. "Bi Ratiba. Mpanga safari. Ulikosea siku?"

"Cheka tu."

"Sicheki." Alikuwa anacheka. Halafu akaacha. "Hiyo Ijumaa, ulikuja na tiketi ya kurudi?"

Sohvi angeweza kudanganya. "Nilikuja nayo. Ndiyo maana niliweza kuondoka."

"Na leo?"

Akaigeuza mifuko yote miwili ya sweta, ikaning'inia nje mitupu. "Jumatatu hadi Alhamisi kazi Helsinki. Wewe kazi Tallinn. Hapa siku zote zilizobaki. Mpango huu nimeupanga melini, sijauandika. Safu ya kurudi sikuichora."

"Na miguu yako?"

"Itasumbua. Nakwambia mapema."

Tarmo akazikunja karatasi za Wanorwe, akazipitisha dirishani, akamwekea kiganjani.

"Kuni zina unyevu," akasema. "Hizi zitawasha vizuri."

Sohvi akapandisha goti juu ya kizingiti cha dirisha.

"Mlango upo," Tarmo akamwambia.

"Naujua. Nivue hivi viatu, kisha nishikilie."