Pumzi ya Bilkisi Ndani ya Shaba

Ganda la kwanza la risasi liliendelea kupiga mluzi hata baada ya Bilkisi kulitoa mdomoni.

Baba yake, Asani, alilisikia. Akajiambia ni upepo. Mungu amsamehe, alijua hakukuwa na upepo. Ilikuwa adhuhuri ya kiangazi Kolwezi, na vumbi la malori ya madini lilikuwa limesimama hewani halitaki kushuka.

Asani alikuwa fundi wa kujaza risasi. Wawindaji walimletea maganda yao ya shaba ya njano, yale yaliyokwisha kupigwa, naye akayatia fataki mpya, baruti nyeusi na risasi, yakarudi porini. Kujaza si kazi. Kazi ni kuchagua. Shaba mbovu humpasukia mtu usoni. Kwa hiyo kila ganda hupulizwa kwa mdomo: zima hulia mluzi mrefu, lenye ufa hukohoa. Asani meno ya mbele yalikuwa yamekwisha, mluzi haumtoki tena, basi bintiye ndiye aliyempulizia. Mtoto yule alikuwa na sikio. Hakukosea hata siku moja.

Ila kulikuwa na sharti, ambalo Asani alilipokea kwa baba yake huko Kasongo: shaba iliyotoka ardhini haiguswi na mdomo wa mtu mpaka ilale katika maji ya chumvi yaliyosomewa Ayatul Kursi. Huko chini kuna wenyewe.

Na maganda ya siku ile yalitoka ardhini. Mama Ndaya, muuza vyuma chakavu, aliyanunua kwa vijana wachimbaji waliotoboa shimo la zamani. Yalikuwa mazito, shaba nene ambayo siku hizi haionekani. Mwindaji Lukusa aliyaona, akayataka yote, akasimama mlangoni na mzigo begani.

"Tata Asani, fanya mbio! Treni ya Mutshatsha haitaningojea mi."

"Ngojea kwanza. Hizi zinapaswa kulala mu chumvi."

"Mu chumvi? Uko unapika samaki?" Lukusa akacheka. "Pima tu, bwana. Kama hauwezi, niko naenda kwa fundi mwingine."

Asani akamgeukia binti yake. "Puliza, mama."

Bilkisi akapuliza yote. Yote yakalia, tena kwa sauti moja, kama koo moja, jambo ambalo Asani hakuwahi kulisikia tangu aijue kazi. Akajaza, Lukusa akaondoka na mfuko wake.

Harufu ndiyo ilitangulia. Djamila, mke wa Asani, alikuwa akipakua bukari, ugali wao, akainua uso.

"Nani anachoma baruti humu mu nyumba?"

"Hakuna."

"Hakuna, na mi niko nasikia?" Akanusa sufuria, akanusa pazia, mwisho akainama juu ya mtoto. Akarudi nyuma mkono ukiwa mdomoni. "Baba Bilkisi," akanong'ona, "inatoka kwake."

Kisha mluzi. Bilkisi akivuta pumzi, mluzi; akitoa, mluzi; sauti ileile ya maganda, nyembamba, na ajabu yake ilisikika zaidi chumba cha pili kuliko ubavuni pake.

Treni ya Lukusa ilipokwisha kufika Mutshatsha, jambo lenyewe likaja. Bilkisi alikuwa anafagia uani kwenye jua kali, kifua chake kikaruka nyuma kana kwamba amepigwa na kitako cha bunduki, akaanguka, na mama yake alipomfikia aliona uzi wa moshi mweupe ukitoka kati ya midomo ya mtoto, ukipanda taratibu bila kuyumba, ukielekea upande wa magharibi, nao ulipokatika pumzi ya mtoto ikarudi, lakini si yote, ilirudi pungufu, kama maji ya ndoo iliyomwagika njiani. Kesho yake asubuhi kifua kikaruka tena.

Wakamwita Shehe Hamadi. Alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho. Ghafla Bilkisi akasema, na Djamila akashika ukuta, kwa sababu maneno yale hayakutoka na pumzi, yaliingia nayo. Mtoto alikuwa anavuta hewa ndani, na kila alipovuta, neno likasikika.

"Sikuiba. Alinipulizia mwenyewe. Baba yake alimwambia puliza. Kila ganda lina kipande chake. Likipigwa, kipande ni changu."

Shehe akafunga msahafu wake. "Asani, yule wa ardhini angeiba, ningemfukuza. Amepewa. Tafuta yale maganda kabla hayajapigwa, yaoshwe kwa chumvi. Mi sina dawa ingine."

Asani akapiga simu mpaka kidole kikauma. Rezo hakuna, simu haishiki mtandao. Akapanda juu ya rundo la matofali nyuma ya nyumba, akapiga tena, na jua likiwa limeanza kuinama, Lukusa akaitika.

"Fundi wa kweli!" Sauti ilijaa furaha. "Jana mbawala, leo asubuhi nguruwe ya pori. Moja kwa moja, chini! Shaba ile ni ya ajabu."

"Lukusa, nakuomba kwa Mungu, usipige tena. Zilizobaki ziko wapi?"

"Zilizobaki? Nilishaziuza, tata. Hapa hapa ku gare, kwenye treni inasimama. Watu walinigombania."

"Uliuzia nani?"

"Bawindaji, bwana, watu ya pori. Nitawajua majina? Mwingine anaenda Dilolo, mwingine ngambo ya Angola. Allo? Tata Asani, uko unalia? Juu ya nini?"

Asani akashuka. Djamila alikuwa amempakata mtoto, macho yake yakimngoja mumewe mlangoni.

"Anasema je?"

Asani akageuka kulitazama jua. Nje ilikuwa saa ile ambayo wawindaji huamka kivulini na kushika njia za maji, kila mmoja porini kwake, watu asiowajua, wasiomjua. Akapiga magoti, akaweka sikio juu ya kifua cha binti yake. Ule mluzi ulikuwepo, mwembamba, umechoka. Na chini ya mluzi, mbali sana, akasikia majani makavu yakikanyagwa kwa hadhari, mguu mmoja, halafu mwingine, halafu kimya. Na ndani ya kimya kile, bunduki ikikokiwa polepole na mtu asiye na haraka.