Watatu wa Nyabusozi

Deodata alikuwa akichambua kahawa nyuma ya kibanda chake pale Lusahunga, kama kila asubuhi. Redio iliyofichwa ndani ya debe ikakoroma.

"Kahawa imeingia unyevu. Biharamulo. Sasa."

Alielewa. Sindayigaya, mlanguzi aliyejiita daktari, alikuwa tayari kambini huko Biharamulo. Wanajeshi mia nne walikuwa wanaondoka kwenda vitani, na dawa yake ya sindano ilikuwa inachukua nafasi ya klorokwini yao.

Bastola ya Makarov ndani ya khanga. Bambo mkononi, kile chuma chenye ncha ambacho wanunuzi wa kahawa huchomea magunia.

Honda ikanguruma.

Kambini, lori la Isuzu lilikuwa linapakiwa sindano. Makopo ya klorokwini yalitupwa chini kama takataka.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti."

Alionyesha kitambulisho cha Idara ya Usalama. Kapteni Audax hakushtuka. Alieleza kwa majivuno kwamba wakulima watatu wa Nyabusozi walikuwa na homa, wakachomwa sindano ile, na wote wakapona. Aliwaona mwenyewe.

Sindayigaya, ndani ya suti yake ya Kaunda, aliitikia kwa kichwa kama padri.

"Kwenu mnalima kahawa, afande?"

"Tangu babu."

"Mnunuzi akiokota punje tatu juu ya gunia, akasema gunia zima ni safi?"

"Huyo mpumbavu."

"Ndiyo, afande."

Askari mmoja alikohoa ili asicheke.

Mtu mzima aliyekulia penye malaria, alisema Deodata, mara nyingi homa humtoka yenyewe. Idara iliwafuatilia watu mia mbili waliochomwa sindano hiyo huko Mugoma, na wengine mia mbili wenye homa waliokunywa uji tu. Waliopona walilingana.

"Wale watatu wangepona hata kwa maji ya mtoni. Wale mia mbili wa uji ndio waliotuonyesha."

Sindayigaya alirukia usukani wa Isuzu.

Bambo likazama kwenye tairi.

Psssss.

"Shuka," Deodata alisema. Makarov ilikuwa imeshamtazama usoni.

Sindayigaya akafungwa pingu. Klorokwini ikaanza kurudishwa garini. Audax alinung'unika kwamba mtu yeyote angedanganyika. Deodata alifuta bambo kwa pindo la khanga, akaifuata pikipiki yake.

Nyuma yake kapteni alikuwa anauliza, kwa sauti ndogo, ile ilikuwa dawa gani hasa.

"Dawa?" Sindayigaya alicheka. "Sikutafuta dawa, kapteni. Nilitafuta mkubwa anayetosheka na watu watatu."