Mjomba Magesa Hakupokelewa

Aliyenisimulia kwanza ni mama mdogo Hyasinta, mwaka 1994, nyumbani kwake Nyasho, tukichambua dagaa. Mama yangu alikuwepo na hakukanusha. Baadaye niliwauliza wengine, nikaacha yale ambayo hawakukubaliana nayo.

Mwaka 1984 mama mdogo alikuwa kidato cha pili katika shule ya wazazi kijijini kwetu Majita, na kaka yake Magesa kidato cha tatu. Ilikuwa miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mwalimu Ingrid alikuja kutoka Denmark kwa kujitolea, afundishe hesabu, basi. Lakini matroni alivuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya kutafuta sabuni na hakurudi, mkuu wa shule akamkabidhi mgeni ufunguo wa stoo. Akawa anapima unga, anagawa uji, anafunga vidonda, anakaa na wenye malaria. Wanafunzi walimwita Mama Uji.

"Kwetu sikuwahi kupika hata chai," alimwambia mama mdogo, aliyekuwa akimsaidia kugawa.

"Ndiyo maana unatupikiaga madonge, Mwalimu."

Pampu ya shule ilikosa dizeli, maji yakachotwa ziwani kwa zamu. Asubuhi moja wimbi lilichukua ndoo ya Magesa, akaingia kuifuata. Ndoo ilirudi.

Yeye hakupatikana. Katika ukoo wetu, aliyepotelea majini huitwa. Mtu mmoja husimama ziwani amebeba, badala ya mwili, tunda la mwegea lililoviringishwa kwa shuka la marehemu, humwita kwa jina, kisha hutembea hadi nyumbani bila kugeuka. Langoni, baba wa marehemu akiwa hai, ni lazima atamke: "Tumekupokea." Ndipo tunda linazikwa. Asipopokelewa, marehemu hubaki na aliyemwita. Na matanga yakishaanuliwa, neno hilo halina nguvu tena.

Babu Silasi, baba yake Magesa, alikuwa mzee wa kanisa. Aliwahi kusimamia jirani atengwe kwa tambiko dogo kuliko hilo. Kwa hiyo ndugu zake wote walikataa kuita. Walimjua, walihofia kwamba mbele za watu hatatamka.

"Mwanangu awe analalaga majini kama samaki?" bibi Getruda alilia. Babu akamwahidi kwamba atatamka. Kisha akaenda kwa Mwalimu Ingrid.

"Wewe ndiye mama yao shuleni," alimwambia. "Kumwita ni heshima tunayokupa."

Hatari hakuitaja. Mwalimu akakubali, kama alivyokubali ufunguo wa stoo.

Alimwita mchana, jua likiwa kali. Jina alilitamka kigeni kidogo, lakini alilitamka kwa moyo. Waombolezaji walimngojea uani. Mama mdogo alimwona akija peke yake njiani, tunda mikononi. Nyuma yake vumbi lilikuwa likilowana.

Wakati huohuo Mchungaji Danford aliingia kwa baiskeli kuja kutoa pole. Babu alimwona.

Mwalimu akasimama langoni. Watu wakamtazama babu. Babu akatazama chini.

"Sema, baba Magesa," bibi alinong'ona. "Sema, amefika."

Babu alinyamaza. Mwishowe alilichukua lile tunda, akalizika haraka. Mchungaji alidhani ni nguo za marehemu, akaomba sala nzuri.

Kesho yake asubuhi, uji ulipokwisha kugawiwa, bakuli moja lilibaki mezani, limejaa.

"La nani hili?" mwalimu aliuliza.

Kila mwanafunzi alikuwa na lake. Mama mdogo na mwalimu waligeuka kuteremsha sufuria. Walipogeuka tena, bakuli lilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na mchanga wa ziwani.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kisha mwalimu akaacha kukaa kwenye benchi. Akikaa, upande wa pili wa benchi nao uliinama. Akakonda. Darasani alikuwa anaandika ubaoni huku akitazama mlango.

Wasichana wa shule ndio waliomweleza ukweli. Alikwenda kwa babu kabla matanga hayajaanuliwa. Mama mdogo alikuwepo.

"Mzee, kuna neno hukulisema. Liseme sasa."

"Mwalimu, sisi ni Wakristo."

"Sasa mimi ulinituma kwa nini?"

Mlangoni, nyuma ya mwalimu, maji yalikuwa yakidondoka. Tone. Tone. Mvua haikuwepo. Bibi aliyaona, akajifunika uso kwa kanga. Babu naye aliyaona. Akaomba apewe Biblia yake.

Matanga yakaanuliwa.

Mwalimu aliondoka bila kuaga shuleni. Mabasi hayakuwa na mafuta, hivyo kutoka Bunda alipanda lori la pamba la Mseti, binamu yake babu, lililokuwa likienda Mwanza. Alikaa juu ya marobota. Mseti aliwasha gari, akachungulia nje.

"Mwalimu, mwambie kijana wako avue hilo shati. Ataniloweshea pamba."

Mwalimu aliinama, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe unamwona?"

Mseti alidhani ni utani wa kizungu.

Kwenye kituo cha kupokelea pamba Mwanza robota moja lilikataliwa. Walilipasua. Lilikuwa limelowa hadi katikati, likinuka ziwa. Kiangazi kilikuwa kimeshika, na marobota ya jirani yalikuwa makavu.

Mseti alituletea habari hizo siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Babu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kusimama langoni kwake, mbele ya mchungaji na waumini wote, akasema kwa sauti kubwa, "Tumekupokea, Magesa. Mwanangu, tumekupokea."

Hakuna aliyecheka. Hakuna kilichosogea njiani.

Kanisa lilimvua uzee. Aliendelea kulitamka neno lile langoni kila Jumapili, na watu wakawa wanapita upande wa pili wa njia.

Babu Silasi alifariki mwaka 1991. Mchungaji Danford naye ni marehemu. Bibi Getruda yuko hai, anakaa na mama yangu Kitaji. Mama mdogo Hyasinta yuko hai. Mseti yuko hai, ingawa pamba habebi tena. Habari za Mwalimu Ingrid hatuna, na hakuna yeyote wa ukoo wetu aliyewahi kuzitafuta. Magesa sijui nimweke upande upi.