Zeze Lisilo na Nyuzi

Zeze lilikuwa bado halijatiwa nyuzi, lakini lililia. Döndü alilisikia akiwa amempakata mwanawe Elmas, ambaye hajatimiza siku arobaini na hivyo haachwi peke yake hata kidogo, asije akabadilishwa na majini. Kilio chembamba cha mtoto anayeumia kilitoka ukutani lilikotundikwa zeze, pamoja na harufu ya nyama iliyoungua.

"Satılmış! Njoo usikie zeze lako."

Mumewe alicheka. Katika kijiji chao cha milima ya Toros ni yeye tu aliyebaki akiunda kemane, zeze la kibuyu lililowambwa utando wa moyo wa ng'ombe. "Utando unakauka huo. Wewe usingizi umekupungukia tu."

Lakini mama mkwe, bibi Hasibe, alinusa hewa. "Mwanangu, maji yako ya gundi ulimwaga wapi?"

"Hapo kizingitini."

"Yakichemka?"

"Yakichemka."

"Ulisema bismillahi? Uliwaomba majini, wenyewe wa pale, wapishe?"

Satılmış akajikuna kisogo. "Nilikuwa na haraka, Mama."

"Ole wetu," bibi alinong'ona. "Umemuunguza mtoto wa watu. Watataka mtoto badala yake."

Döndü alimkumbatia Elmas mpaka mtoto akafurukuta. Aliogopa vibaya sana, maana kilio kilizidi kupanda, na utando wa kibuyu ukaanza kutuna na kubonyea, kutuna na kubonyea, kana kwamba ule moyo wa ng'ombe bado unapiga, na kutoka kizingitini mama asiyeonekana akawa anabembeleza, akisogea polepole, mpaka ubaridi wake ukamgusa Döndü magotini.

Bibi alikoroga sharubati ya sukari upesi. "Mwaga palepale, Satılmış. Omba radhi, acha kiburi!"

Satılmış alipiga magoti, akaimwaga sharubati. "Tusameheni, jirani zetu. Sikuwaona." Hapo bibi akayumba, karibu aanguke. Döndü akamlaza Elmas kitandani, akakimbia kumdaka.

Ardhi ikanywa sharubati. Harufu ikaondoka, zeze likanyamaza, nao wakashikana wakicheka na kulia.

"Mtoto yuko na nani?" bibi aliuliza ghafla.

Döndü alirudi mbio. Elmas alikuwa ametulia tuli, anamtazama bila kupepesa macho. Alipofunua kitambaa akaona pajani jeraha bichi la maji ya moto.

Zeze likalia tena ukutani, safari hii kwa sauti ya Elmas, kilio cha njaa, na maziwa yakambubujika Döndü kifuani.