Jina la Mtoto Aliyeivaa

Nduku alimwita bintiye aje anywe uji, na sauti ikaitika kutoka nyuma ya nyumba, kule kwenye kamba ya kuanikia nguo: "Niko hapa, mami."

Jambo la kawaida, utasema. Ila binti mwenyewe, Kathini, alikuwa amekaa mkekani mbele yake, mdomo umejaa kiazi, anamtazama.

"Nani huyo ameitika?"

"Ni yule mwingine," Kathini akasema, akaendelea kutafuna.

Watoto na maneno yao. Nduku akacheka, akairudia kompyuta yake. Kazi ilikuwa imepamba moto. Alikuwa amebuni programu ya simu, akaiita Vijinguo, na humo akina mama wa Kitui na Makueni waliuziana nguo ambazo watoto wao wameshazizidi kimo. Unapiga picha gauni, unaandika umri na bei, halafu chini kabisa unajaza: jina la mtoto aliyeivaa. Hapo ndipo Nduku alipojiona ana akili kuliko mji wote wa Kibwezi. Mnunuzi akiona jina la mtoto, anajua nguo imetoka nyumbani kwa mtu, si kwenye robota la mitumba. Shida ni kwamba kuna waliokuwa wanaacha jina wazi, nguo zinakataa kuingia, wanalalamika. Nduku akawaona wavivu tu. Akarekebisha haraka haraka: ukiacha wazi, Vijinguo inakujazia jina yenyewe. Akaweka la kwanza lililomjia kichwani. Akaweka Kathini.

Harufu ndiyo iliyofuata. Nyumba ilianza kunuka udongo uliolowa, na mvua Kibwezi ilikuwa imesahaulika. Halafu ikaongezeka harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye shingo ya mtoto mchanga. Nduku alisugua sakafu kwa dawa mpaka vidole vikachubuka, na harufu ikabaki pale pale.

Kisha Kathini akaacha kuitika. Ukimwita hageuki, kana kwamba umemwita mtoto wa jirani, na yule mwingine ndiye anaitika, leo kwenye kamba ya nguo, kesho jikoni, keshokutwa nyuma ya mlango wa chumba, kila mara karibu zaidi na kwa furaha zaidi. Na kadiri yule alivyosogea ndivyo Kathini alivyorudi nyuma, akasahau kwanza kufunga vifungo vya sweta yake ya chekechea, akasahau kushika kijiko, akaacha kutembea, maneno yakampotea moja moja mpaka akabaki kulala chali akinyonya ngumi, macho yakifuata kitu darini ambacho mama yake hakukiona.

Hospitalini walimpima kila kitu, wakasema hana kitu. Intisar, mwenye duka la pembeni, alikuja na maziwa ya ngamia, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Mama Kathini, hilo ni jini," alinong'ona. "Ukiita mmoja nasikia wawili. Usiliite tena hilo jina."

Lakini watu wa kanisani walikuwa wameshafika, na watu wa kanisani hawaombi kwa kunong'ona. Walimzunguka mtoto, wakanyoosha mikono, wakaliita jina lake mbele za Bwana kwa sauti ya kutikisa mabati, na kila walipoita, kitu kiliitika kutoka darini kikicheka kicheko cha mtoto anayetekenywa. Mchungaji akasema ataendelea kuomba akiwa kwake. Hakuna aliyemlaumu.

Nduku akampigia simu mama yake, Syombua, aje kutoka Nuu. Bibi alifika na vumbi lake lote, akapiga magoti, akamnusa mjukuu utosini.

"Jina la huyu mtoto umempa nani?"

"Sijampa mtu, mwaitu," Nduku alimjibu mama yake.

"Umempa. Zamani kwetu mtoto akizaliwa hakuwa mtu bado. Alikuwa wa aimu, wale wa upande wa pili, mpaka siku ya kumpa jina na kumvalisha shanga. Akifa kabla ya siku hiyo anarudi kwao, na nguo zake anazikwa nazo, yameisha. Lakini ukimpa jina anajua ana mahali pa kuja. Na wewe umempa la aliye hai." Akamtazama bintiye kwa huruma. "Dunia nzima inakuita Mama Kathini. Unataka aende kwa nani?"

Nduku akakumbuka jina alilokuwa anawajazia walioacha wazi. Akafungua Vijinguo. Ya kwanza kabisa ilikuwepo: fulana ya sufu nyeupe, ya mtoto wa kuzaliwa, imeuzwa na Kavindu wa Mutomo. Aliyeivaa: Kathini. Chini yake akina mama wameandika, nguo ya Kathini ni nzuri, Mungu amkuze Kathini.

Akampigia simu Kavindu kumuuliza habari za mtoto huyo, akaweka sauti ya juu ili bibi asikie.

"Hakuwa na jina," Kavindu alisema. "Ndiyo sababu niliacha wazi. Niliambiwa nimzike na vitu vyake, lakini hiyo fulana niliificha. Nilitaka tu iwe na mtoto ndani."

"Dada, nakuomba. Mpe jina lake. Wangu anakufa."

Kutoka nyuma ya mlango kitu kilikuwa kinapumua, kinasubiri.

"Angeitwa kama mama ya mume wangu," Kavindu alisema mwishowe. "Kalekye. Kalekye wangu, toka huko kwa watu, mama."

Kitu kikaburura magoti sakafuni, kikapita kati yao, mkeka ukajikunja, pazia likainuka, kikatoka. Harufu ikaisha.

"Mami," Kathini alisema, sauti imekauka, "nina njaa."

Nduku alimkumbatia akalia bila aibu. Bibi akaenda jikoni kukoroga uji, anaimba. Nduku akafuta machozi, akashika simu aliondoe hilo jina mara moja, lisije likamdhuru mwingine. Akaandika Kathini, akatafuta.

Zikatokea. Kofia ya sufu kutoka Mwingi. Soksi za kuingia kidole gumba, kutoka Makueni. Shali ya Mutomo, shali ya Nuu, fulana, fulana tena, akasukuma chini na chini zipo, zote za watoto wa kuzaliwa, zote safi, hazijavaliwa sana. Na mama zao, walioacha jina wazi, yeye alikuwa amewaona wavivu.

"Mwaitu," alisema, akigeukia jikoni. "Mwaitu, usi—"

"Kathini," bibi aliita jikoni kwa furaha, "njoo unywe uji."

Kwenye kamba ya nguo, darini, chini ya kitanda, nyuma ya mlango na nje kwenye vumbi mpaka getini, wakaitika pamoja: "Niko hapa, mami."

Kathini, mapajani mwa mama yake, hakugeuka.