Maranda ya Kizingiti

Jua lilikuwa linaelekea kuzama dada mtu alipofika kwenye nyumba mpya ya mdogo wake, magunia mawili kwapani. Alikuja kuchukua mabaki ya mbao. Yeye ni mshonaji, useremala haumhusu, ila mawaridi yake mbele ya nyumba ya kupanga yalikuwa yanakauka, na mdogo mtu alikuwa amemwambia: "Dada, njoo uchukue maranda ukayatandaze shinani. Udongo utashika maji, na magugu hayataota. Mimi yangu ndivyo nilivyoyafanya."

Yangu! Lazima ayataje ya kwake. Nyumba yake, mume wake mpole, na sasa mawaridi ambayo watu walisimama barabarani kuyatazama hata kabla nyumba haijaezekwa. Na nani alimlea huyo? Nani aliacha shule ili yeye asome? Wanasema hasidi hana sababu. Dada mtu alikuwa nazo, tena tele.

Seremala alikuwa anakusanya vifaa vyake. Alimwonyesha malundo matatu.

"Hili la mbao safi, chukua lote. Lile lina dawa ya mchwa, litakuulia maua. Na hili..." Akashusha sauti. "Hili dogo usiliguse, mama."

"Lina nini?"

"Maranda ya kizingiti. Ninapokipiga randa, mwenye nyumba namsimamisha mbele yangu, anataja jina lake mpaka nimalize. Halafu maranda nayafukia palepale mlangoni. Ndivyo nilivyofundishwa. Nyumba imjue mtu wake."

"Na yasipofukiwa?"

Seremala aliweka randa lake sandukuni. Alikwenda bombani kunawa mikono.

Lundo lenyewe lilikuwa la kujaza viganja viwili tu. Maranda mekundu, membamba, yananukia vizuri. Kwa hiyo hata takataka za huyu mtoto zina heshima zake! Kijicho kikamshika. Akageuka nyuma... maji bado yalikuwa yanachuruzika. Akayasomba maranda yale haraka, akayasukumia guniani, na mahali pake akamwaga maranda mengine.

Nani atajua?

Mdogo mtu alihamia wiki iliyofuata. Siku ya tatu sauti ikamkauka. Daktari alimchungulia koo akasema koo ni zima. Mwezi wa pili alikuwa hainuki kitandani, anaongea na mumewe kwa daftari. Aliandika: Kila nilipoingia mlangoni, niliona kama natoka.

Na mawaridi ya dada mtu? Acha tu. Yalichanua makubwa kama visahani.

Jioni moja alikuwa anayamwagilia. Kitu kikakwaruza chini ya matandazo. Panya, akajisemea. Lakini harufu ya mbao mbichi ikapanda, mbao iliyopigwa randa sasa hivi, na maranda yale yalikuwa yamenyeshewa miezi miwili. Akainama.

"Dada..."

Ndoo ikamponyoka.

Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Inatoka shinani.

"Dada, nifungulie. Niko nje."

Alikimbia kwa seremala, viatu mkononi. Alimweleza yote huku analia. Seremala alimsikiliza bila kumtazama usoni.

"Yarudishe. Yote. Niyafukie yanapostahili kabla hayajawa udongo. Yakishakuwa udongo, mimi sina la kufanya."

"Nitayatambuaje katikati ya mengine?"

"Shika moja moja. Ya kwake yatakuita."

Kesho yake, tangu alfajiri, alikuwa amepiga magoti bustanini na bakuli pembeni. Anashika, anasikiliza, anatupa. Anashika... "Dada." Bakulini. Mengi yalikuwa yameoza, yanamomonyoka akiyagusa. Alilia kweli. Alimpenda yule mtoto, alimbeba mgongoni yeye.

"Dada, bado?"

"Bado kidogo, mwanangu. Vumilia."

Kufika alasiri bakuli lilikuwa karibu kujaa, na sauti ilikuwa nyembamba sana.

"Harakisha..."

Majirani wawili wakapita. Wakasimama.

"He! Haya mawaridi ni yako? Mwenzangu, yale ya mdogo wako hayaoni ndani!"

Dada mtu akainua kichwa. Kitu kitamu kilimpanda kifuani, kitamu mno, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Ni yangu," alisema.

"Hebu tupe siri. Unayafanyaje?"

Neno moja tu, aliwaza, halafu naendelea. Akaeleza habari za maji. Akaeleza kupogoa. Walipouliza habari za matandazo akanyanyuka kabisa, akapangusa magoti, akawaonyesha yanavyotandazwa. Chini ya miguu yake kitu kilikwaruza... kikakwaruza tena, kwa nguvu. Akapaza sauti ili wamsikie vizuri.

Walipoondoka alirudi kupiga magoti. Akashika la kwanza. Likawa udongo mweusi vidoleni. La pili, udongo. Akatazama bakulini.

Udongo mtupu.

"Niite," akanong'ona, sikio limelala ardhini. "Niite, mwanangu. Niko hapa."

Ardhi ilinukia udongo tu.

Simu ikaanza kuita ndani ya nyumba. Alijua ni shemeji yake, na alijua anachotaka kusema. Hakwenda kuipokea. Barabarani alikuwa amesimama mtu mwingine, anayatazama mawaridi, na dada mtu, machozi yakimtiririka, alijikuta anamtabasamia.