Omuramura wa Katikati ya Kibanja

Ndugu zangu wa Chonyonyo, nanyi wa Kyerwa ambako mashine za kutafutia mali ya Mjerumani zimeanza kuzagaa, naomba mnisikilize. Mimi ni Mackrine, mjane, jirani wa Auleria kwa miaka hamsini. Sisimulii haya ili kumsengenya mtu. Nasimulia kwa sababu yananichoma, na kwa sababu mimi mwenyewe sina mikono safi, kama mtakavyoona.

Mngepita kwa Auleria mwaka juzi, asubuhi, mngetamani kukaa. Kibanja cha kuzunguka nyumba kilitandazwa majani vizuri, migomba imenenepa, kahawa haina hata gugu. Mkwewe Deodatha alikuwa anapika katogo ya ndizi na maharage, na Auleria ameketi mlangoni pa nyumba yake ndogo, tunamenya ndizi pamoja, ananitania kwamba kisu changu kinafaa kukatia uji. Mwanawe wa pekee, Apolinary, hakuwa mlevi wala mvivu. Kila siku, kabla hajashika jembe, alipita kwanza kwa mama yake. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwana wange. Umeamkaje?" Naomba mlikumbuke hilo.

Siku moja Apolinary alikuwa anachimba shimo la mbolea, akaokota rupia. Aliposugua uchafu kwa majivu, akatokea mtu mwenye masharubu na kofia yenye ndege juu. Tulipokezana kuitazama, tukacheka, tukarudi kwenye ndizi zetu. Laiti ningejua, ningeitupa chooni siku ile ile.

Habari ikafika Nkwenda, na wiki iliyofuata akaja mtu anaitwa Placidius na mashine yake. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini. Ukiipitisha juu ya ardhi yenye chuma, inalia.

"Mjerumani alipokimbia vita alizika masanduku," Placidius alimwambia Apolinary. "Ukiona rupia moja, sanduku haliko mbali. Na lazima aliacha alama. Jiwe lililochongwa, au mti usio wa mahali pake."

Basi mashine ikaanza kulia. Ililia kwenye vizibo vya soda, kwenye misumari, kwenye waya wa mwavuli, kwenye kipande cha jembe la marehemu baba yake. Kila ilipolia, Apolinary aling'oa mgomba na kuchimba. Siku tatu tu, kibanja ambacho baba yake alikilea maisha yake yote kikawa mashimo matupu. Deodatha alisimama kwenye ukingo wa shimo mojawapo, mikono kiunoni.

"Baba Jasson, migomba unaimaliza. Watoto niwapikie vizibo?"

"Vumilia, mke wangu. Sanduku likitoka utasahau hata kumenya."

Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki.

Omuramura nyote mnaujua. Ndio mti wetu wa mpaka. Hupandwa pembeni mwa shamba, haukauki ovyo, na ukishasimama pale hakuna wa kubishana na jirani. Lakini kwa Auleria ulikuwepo mmoja katikati kabisa ya kibanja, mbali na mpaka wowote. Siku ya nne Placidius akausimamia.

"Mti wa mpaka unafanya nini katikati?"

Apolinary alizaliwa akaukuta. Wakapitisha mashine chini yake, ikalia kwa sauti nyembamba, muda mrefu. Auleria akaacha kumenya, akaenda kwa fimbo yake mpaka pale.

"Mwana wange, chimba kote unakotaka. Hapo acha."

"Kuna nini hapa, mama?"

"Hapo acha."

"Basi niambie kilichopo!"

Auleria akageuka, machozi yakimtoka, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa najua. Nikainamisha kichwa, nikachukua ndizi nyingine, nikaendelea kumenya.

Mtu mwenye akili zake angeogopa kuona mama yake analia namna ile. Apolinary alifurahi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Placidius, "Mama anajua. Mzee alimwonyesha sanduku kabla hajafa." Tazameni tamaa ilivyomgeuza mtoto mwema. Machozi ya mama yake aliyaona kuwa ni ramani.

Jumapili akasema tumbo linamuuma, hatakwenda kanisani. Tulikwenda mimi, Auleria, Deodatha na watoto. Tuliporudi, omuramura ulikuwa umelala chini, mizizi juu. Apolinary alikuwa shimoni, udongo umemfika kiunoni. Placidius amesimama juu, anakwangua kitu kidogo kwa kisu.

"Si dhahabu," alikuwa anasema. "Ni chuma tu. Kinjuga."

Kitabu cha nyimbo kilimwanguka Auleria. Alipiga magoti na gauni lake la kanisani, akaanza kurudisha udongo shimoni kwa mikono yake miwili.

"Ainomugisha," alisema. "Ainomugisha wangu, nisamehe."

Apolinary alibaki amesimama na jembe. "Mama, Ainomugisha ni nani?"

"Ni dada yako. Unamkanyaga."

Naona vigumu kuendelea, lakini nitaendelea. Auleria alikuwa amezaa mtoto wa kike kabla ya Apolinary. Alikuwa ameanza kusimama, amefungwa njuga mguuni ili apende kutembea, surua ikamchukua. Nilikuwapo siku ile, msichana, nilibeba maji. Tulimzika na njuga yake, kwa sababu Auleria hakukubali ifunguliwe. Migomba huhama kadiri inavyochipuka, unaweza kupoteza mahali baada ya miaka michache, ndipo akapanda omuramura. Na mama mkwe wake akamwambia asilitaje tena jina lile, asije akakiita kifo kwa mtoto atakayefuata. Aliyefuata ni Apolinary. Kwa hiyo alinyamaza miaka arobaini na saba, na alinyamaza kwa ajili yake.

Shimoni hamkuwa na mfupa hata mmoja. Udongo wetu haubakizi kitu cha mtoto mdogo. Kilichokuwa kimebaki cha Ainomugisha duniani ni njuga ile tu, na tulipotulia kidogo tukaitafuta, Placidius alikuwa ameondoka nayo.

Apolinary alimfuata Nkwenda siku ile ile, miguu ina udongo. Akamkuta anakunywa chai.

"Kile kichuma?" Placidius alishangaa. "Nimekitupa jalalani, nyuma ya gesti. Ulikuwa unakitaka?"

Auleria hakumlaani mwanawe. Afadhali angemlaani. Kila asubuhi Apolinary alipita kama zamani, "Shikamoo mama," naye aliitikia, "Marahaba, mwana wange. Umeipata?"

"Bado, mama."

Hivyo kila siku, miezi saba. Auleria hakula vizuri tena, wala hakunitania tena kuhusu kisu. Mvua za vuli zilipoanza akafa. Alituagiza jambo moja tu, tumzike katika shimo lile lile, asiende mbali na mtoto. Tukafanya hivyo.

Apolinary sasa amejipatia mashine yake. Watu wa Nkwenda humcheka, wanasema mwehu wa dhahabu huyo, anatafuta hazina jalalani. Hawajui anatafuta nini. Nilimkuta mwezi uliopita amepiga magoti kwenye majivu na takataka, mashine imelia. Akachimbua kizibo cha soda. Akakiangalia, akalia mbele ya watu bila aibu. Rupia ya Mjerumani bado ipo dirishani kwake, na hakuna anayetaka hata kuigusa.

MAFUNZO

Vijana, mzazi akikwambia "hapo acha," acha. Si kila kilichofichwa ni mali. Katika vibanja vyetu tunalala na watu wetu, na mashine haiwezi kutofautisha sanduku na kaburi. Anayeweza ni mzee wako, kama utamsikiliza.

Nasi wazee tujilaumu. Auleria alifungwa mdomo na hofu, lakini mimi nilifungwa na nini? Neno langu moja, siku ile aliponitazama, lingetosha. Nilimenya ndizi. Waonyesheni watoto wenu makaburi yasiyo na misalaba, watajieni majina, hata yale mliyokatazwa. Jina halijawahi kuua mtoto. Tulichokinyamazia ndicho kilichotuua.

Siku ya maziko tulichomeka tawi la omuramura juu ya kaburi, na limeshika. Nilipoombwa niseme neno la jirani, sikuweza kusema mengi. Miaka yote nilikuwa namwita Mama Apolinary, kama kila mtu. Siku ile, mbele ya wote, nilimwita Mama Ainomugisha, na hakuwepo tena wa kuniitikia.